Uzee Wenye Magurudumu

Mwezi wa saba, Kaaga haina jua. Ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka huoni geti la jirani, na manyunyu yanaanza asubuhi kama mfereji ambao mtu amesahau kuufunga. Babu yangu huvaa makoti mawili na kofia ya sufu, na bado magoti yanamsumbua. Julai iliyopita tulikuwa jikoni, miguu karibu na moto, nikamwonyesha video kwenye simu. Mume na mke, Wamarekani, wote wamepita miaka sabini, wanaishi ndani ya gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo. Theluji ikianza kwao kaskazini, wanawasha injini na kwenda zao kusini, Florida au Arizona, mpaka baridi iishe. Wazee wa namna hiyo wako wengi huko. Wanaitwa ndege wa theluji.

Babu alitazama mpaka mwisho, jambo ambalo hafanyi hata kwa taarifa ya habari. Kisha akauliza, "Na shamba wamemwachia nani?"

Nilicheka. Lakini swali lenyewe halikunitoka kichwani, kwa sababu wiki hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na kesi, na kesi ilihusu gari.

Babu ni dereva. Aliendesha malori ya serikali mpaka 2004, alipofikisha miaka 55. Huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu kwa mtumishi wa umma kabla ya kuongezwa hadi 60 mwaka 2009. Kiinua mgongo chake alikinunulia Hiace, ikapiga matatu miaka kadhaa, Meru kwenda Isiolo na kurudi. Sasa imeegeshwa nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Mwaka jana aling'oa viti vya nyuma akaweka godoro, jiko dogo la gesi, na pazia lililokuwa la marehemu nyanya. Mpango wake ni rahisi: baridi ya Julai akaimalizie Isiolo, na akichoka na Isiolo aendelee kaskazini hadi Moyale, barabara aliyoijua ikiwa vumbi na mawe na ambayo siku hizi ni lami.

Shangazi na baba zangu wadogo walikaa kikao. Uamuzi: gari liuzwe. Mzee wa heshima hatangitangi, anakaa kwake, watu wanamjia. "Sisi hatuna mila hiyo," shangazi akafunga mjadala. Kazi ya kumwambia babu nikapewa mimi, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, naandika makala ninazolipwa kwa hesabu ya maneno, na kwao mtu kama huyo ana muda.

Ni kweli nina muda. Kwa hiyo kabla ya kumwambia babu chochote, nilikwenda kulitafuta hilo neno mila.

Nilianzia upande wa pili wa mlima. Nyeri kuna kaburi la mstaafu mmoja aliyewahi kumiliki trela la kulala. Robert Baden-Powell alikuwa jenerali wa Uingereza. Mwaka 1896 alishiriki kuwazima Wandebele walioasi, na jina lake likavuma alipozingirwa Mafeking katika vita vya Makaburu, 1899 hadi 1900. Baadaye akaanzisha uskauti. Mwaka 1929, akiwa na miaka 72, maskauti walikusanyika kwenye jamborii ya dunia huko Arrowe Park, Uingereza, wakamkabidhi zawadi waliyoichangia senti kwa senti: gari la Rolls-Royce na trela la kulala la kampuni ya Eccles. Gari wakalibatiza Jam Roll, jina la keki. Inasimuliwa kwamba mzee alipoulizwa anahitaji nini, jibu lilikuwa mikanda mipya tu ya kushikilia suruali.

Alizunguka na trela hilo akitembelea kambi za vijana. Leo limehifadhiwa Gilwell Park, Uingereza. Naye mwenyewe aliendelea kufuata joto. Mwaka 1935 alifika Nyeri kwa rafiki yake, Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan, akapapenda. Mwaka 1938, moyo ukiwa umechoka, alihamia huko na mkewe, Olave. Walikuwa na nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli, wakaiita Paxtu, yaani Pax ya pili, maana ile ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Hapo alichora wanyama na kuutazama Mlima Kenya, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe la kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huichora njiani, na maana yake ni: nimekwenda nyumbani.

Mara ya kwanza niliisoma kama hadithi tamu ya mzee aliyechagua pa kuzeekea. Halafu nikajiuliza, mwaka huohuo wa 1938, baba yake babu alikuwa wapi?

Alikuwa Timau, kwenye shamba la ngano la mlowezi. Mlima ni uleule, baridi ni ileile, ila yeye shingoni alining'iniza kisanduku cha bati. Ndani yake kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Kama mwajiri hakutia sahihi ya kukuachilia, kuondoka kwako kulikuwa kosa la jinai. Polisi angekusimamisha barabarani na kukusoma kama barua. Watu wengine wote, Wazungu na Wahindi, hawakubeba kitu hicho. Kipande hakikuondolewa mpaka baada ya sheria ya mwaka 1947, iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe.

Kwa hiyo huku mlimani kulikuwa na wazee wawili na sheria mbili. Mmoja akihama bara zima kwa ajili ya afya yake, huyo ni mtu mwenye roho ya safari. Mwingine akitoka Timau kwenda Isiolo bila sahihi, huyo ni mtoro.

Halafu kuna hesabu ya mshahara, ambayo kwangu ndiyo iliyofungua macho. Wakati wa ukoloni mfanyakazi Mwafrika alilipwa kama kapera. Mkewe na watoto wake walitarajiwa kula kutoka rizavu, na yeye mwenyewe akiugua au akizeeka, arudi hukohuko akafie kwa watu wake. Hili si tusi la wanaharakati. Kamati iliyoongozwa na Carpenter, iliyoundwa na serikali yenyewe ya kikoloni, ilikiri mwaka 1954 kwamba mishahara haikumtosha mtu mwenye familia, ikapendekeza ibadilishwe. Ukifikiria vizuri, shamba la mama yako mashambani ndilo lililokuwa pensheni ambayo mwajiri hakutaka kulipa. NSSF yenyewe ilikuja 1965, baada ya uhuru.

Sisemi kwamba ukoloni ndio uliotufundisha kupenda shamba. Makaburi ya watu wetu yako hapo, na mtu anapenda mahali alipozika wake. Ninachosema ni kwamba mapenzi hayo yalipigiwa hesabu na mtu mwingine. Mji ulikuwa wa kufanyia kazi, rizavu ilikuwa ya kuzeekea, na katikati hapakuwa na barabara ya mzee kutembea kwa raha zake.

Babu alizaliwa 1949. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 alikuwa bado anajifunza kuhesabu. Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Katikati ya mwaka huo wakaanza kuwahamishia watu wa mashambani kwenye vijiji vya lazima, vyenye handaki na miti iliyochongwa. Kufikia mwisho wa zoezi hilo walikuwa wamehamisha zaidi ya watu milioni moja. Nilipomuuliza babu anakumbuka nini, alinyamaza kidogo. "Mama alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kuteka maji," akasema. "Maji ya mto wetu."

Huyo ndiye mtu tunayemwambia akae nyumbani.

Na hata tukirudi nyuma zaidi, kabla ya Mzungu, hiyo mila ya kukaa sehemu moja siioni. Waulize wazee wa Meru tulitoka wapi, watakwambia Mbwaa, kisiwa kilichokuwa karibu na bahari. Hapo tulitawaliwa na watu waliovaa nguo nyekundu, mpaka tukatoroka usiku, maji yakatupisha, tukatembea vizazi na vizazi hadi mlimani. Wanahistoria wanabishana Mbwaa ilikuwa wapi, na wengi huitaja pwani ya kaskazini, karibu na Manda. Mimi kinachonivutia ni kwamba simulizi yetu kuu, ile inayotufanya tuwe Wameru, ni simulizi ya safari, na kwenye safari hiyo wazee hawakuachwa nyuma kulinda shamba. Wao ndio walioongoza njia.

Sasa turudi kwa wale ndege wa theluji, maana babu aliuliza swali na anastahili jibu. Wale hawakuzaliwa na damu ya kusafiri kutushinda sisi. Nchi yao ilipitisha sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1935, ikapitisha sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima mwaka 1956, na katika miaka ya 60 viwanda vikaanza kutoa magari ya kuishi kwa wingi. Mtu akistaafu, hela inaingia kila mwezi, lami inafika mpaka jangwani. Nani angekaa kwenye theluji? Kwetu, tangu 2018 mzee aliyefikisha miaka 70 anaweza kuandikishwa Inua Jamii apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo haitoshi hata lita 15 za petroli.

Lakini hata kwao si wote wanaotalii. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu mwaka 2017, Nomadland, kuhusu wazee Wamarekani wanaolala kwenye magari kwa sababu hawana pengine. Wengi waliyumbishwa na mporomoko wa uchumi wa 2008, na katika umri wa kupumzika wanahama kutoka kibarua kimoja hadi kingine, kufunga mizigo kwenye maghala, kusafisha vyoo vya kambi. Kwa hiyo jibu la swali la babu ni kwamba baadhi yao shamba hawakumwachia mtu. Lilichukuliwa.

Nilipomweleza hivyo, alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi mimi ni tajiri," akasema. "Mimi nikichoka narudi."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye kikao cha pili. Niliwasimulia kipande, Timau, na ruhusa ya kuteka maji. Baba mdogo aliniuliza kama hayo ndiyo niliyoachia chuo. Shangazi hakusema kitu. Nadhani ile ya maji hakuwahi kuisikia, yeye binti wa kwanza. Mwishowe akauliza breki za Hiace zilikaguliwa lini. Hapo nikajua gari haliuzwi. Masharti yakawa mawili: apige simu kila jioni, na safari ya kwanza niende naye.

Kuna jambo moja ambalo ndege wa theluji hawawezi kulielewa mpaka waje Kaaga. Sisi tuko kilomita chache tu kaskazini mwa ikweta. Ukiendesha kusini kwenda Nkubu unauvuka mstari, na baridi bado unayo. Kwetu joto haliko kusini wala kaskazini, liko chini. Kila mita 1,000 unazoshuka, hewa inaongezeka joto kwa kama nyuzi 6. Kwa hiyo mzee wa Meru hahitaji kuvuka nchi nzima kama Mmarekani. Anahitaji kuteremka.

Tuliondoka saa nne asubuhi, tukapitia Makutano, tukashika njia ya Ruiri. Babu aliendesha, mimi nikashika thermosi ya chai. Ukungu ulitusindikiza kwa muda, wipa zikilia, kisha migomba ikaanza kupungua na miti ya miiba ikaongezeka. Mahali fulani jua likatokea mbele yetu. Babu alisimamisha gari kando ya barabara bila kusema kitu, akavua koti la kwanza. Kilomita chache mbele akasimama tena, akavua la pili, akanipa nilishike.

"Piga simu kwa shangazi yako," akasema. "Mwambie magoti yamefika."