Ufinyangikaji: sinapsi, sumaku na mwanga

Anayeandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili kuhusu kompyuta zinazoiga ubongo hafiki mbali kabla ya kukutana na istilahi ambayo wanasayansi duniani huiita plastisiti. Ndiyo sifa ya ubongo inayotuwezesha kujifunza. Akisema "uplastiki", msomaji atafikiria ndoo na mifuko. Akisema "unyumbufu", neno linalokuja haraka kinywani, atakuwa amesema kinyume cha alichokusudia, kwa kuwa kitu nyumbufu hupindika kisha hurudi. Springi ukiivuta hurefuka, ukiiachia hujikunja ikawa ileile ya mwanzo. Ubongo ambao ungekuwa hivyo usingekumbuka kitu.

Ninapendekeza ufinyangikaji. Neno hilo la kimataifa lenyewe linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufinyanga udongo, nasi kitenzi hicho tunacho, pamoja na mfinyanzi na kazi yake. Udongo wa mfinyanzi hukubali mkono, na mkono ukiondoka umbo hubaki. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoieleza sifa hii mwaka 1890 katika kitabu chake kuhusu misingi ya saikolojia, aliweka masharti mawili: kitu kiwe dhaifu kiasi cha kukubali kuathiriwa, lakini kiwe imara kiasi cha kutokubali chote kwa mara moja. Sharti hilo la pili husahaulika upesi, nami nitalirudia, maana ndilo linaloamua ni sumaku gani inafaa na ipi haifai.

Katika ubongo, kinachofinyangwa ni sinapsi, yaani kiungo ambacho seli neva moja hupitishia ishara kwenda kwa nyingine. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alitoa wazo kwamba seli moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, kiungo baina yao huimarika. Ushahidi wa wazi ulichapishwa mwaka 1973, pale Timothy Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi yao Oslo kwa kutumia ubongo wa sungura, walipoonyesha kwamba mfululizo mfupi wa mishtuko ya umeme huongeza nguvu ya sinapsi kwa saa nyingi. Nguvu hiyo hupanda na kushuka kwa viwango. Wanaojenga mitandao ya neva bandia huiita uzito, nao hausemi tu ndiyo au hapana. Husema kwa kiasi gani.

Kompyuta za kawaida hufuata mpango ambao John von Neumann aliuandika mwaka 1945: kumbukumbu mahali pake, prosesa mahali pake. Mtandao wa neva bandia ukifunzwa ndani ya mashine ya namna hiyo, kila uzito hutolewa kwenye kumbukumbu, hupelekwa kwenye prosesa, husahihishwa, hurudishwa. Safari hizo hula umeme mwingi sana, ilhali ubongo wa mtu hufanya kazi zake zote kwa takriban wati 20. Ndiyo sababu watafiti wanatafuta mata ambayo yenyewe ni kumbukumbu na yenyewe hushiriki katika kukokotoa.

Sumaku ni mgombea mzuri, kwa kuwa hushika hali yake bila kulishwa umeme. Tatizo limekuwa namna ya kuibadilisha. Kwa kawaida usumaku hugeuzwa kwa uga wa sumaku unaotokana na mkondo wa umeme, na mkondo huzalisha joto. Mwaka 2007 kundi la Theo Rasing katika Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, lilichapisha njia nyingine. Daniel Stanciu, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, pamoja na wenzake walipiga aloi ya gadolini, chuma na kobalti kwa mipigo ya leza ya femtosekunde 40, wakageuza usumaku wake bila uga wowote wa nje. Mwanga wao ulikuwa wa aina ambayo wimbi lake hujizungusha linaposafiri. Ukizunguka upande mmoja, usumaku ulielekea juu; ukizunguka upande wa pili, ulielekea chini. Kuhusu ufupi wa muda huo: mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia zaidi ya mara saba, katika femtosekunde 40 husogea maikromita 12 tu, pungufu ya unene wa unywele.

Hapa ndipo sharti la pili la James linapodai haki yake. Mwaka 2012 ilibainika kwamba katika aloi hiyo ya gadolini joto la mpigo mmoja, hata bila mzunguko wa wimbi, linatosha kugeuza usumaku wote wa eneo lililopigwa. Ni swichi nzuri mno. Lakini inakubali chote kwa mara moja, kwa hiyo haifinyangiki.

Tabaka nyembamba za kobalti na platini zina tabia tofauti. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba nazo hutii mwanga unaojizungusha, ila hutii polepole, mpigo baada ya mpigo. Ndani ya doa moja la leza kuna vikoa vidogo vya usumaku, vingine vikielekea juu na vingine chini, na kila mpigo hubadilisha uwiano wao kidogo. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi sifuri na moja, kutii huko kwa polepole ni kasoro. Kwa anayetafuta sinapsi ni johari, kwa sababu uwiano wa vikoa ndio uzito wenyewe. Mwanga wa kuzunguka kulia na wa kuzunguka kushoto hufanya kazi mbili zinazopingana, kuimarisha na kudhoofisha, na leza ikizimwa kiwango kilichofikiwa hubaki. Masharti yote mawili yametimia.

Kundi la Nijmegen lilichapisha jaribio la kutumia tabia hiyo mwaka 2019. Filamu, yaani tabaka hizo nyembamba za kobalti na platini, katika halijoto ya kawaida ya chumba, ilitumika kama sinapsi za mtandao mdogo wa neva uliofunzwa kwa kusimamiwa: unapewa mfano, unatoa jibu, jibu likikosewa uzito unasahihishwa. Kilichonivutia zaidi ni kwamba masahihisho yalitolewa kwa mrejesho wa jumla, bila hifadhi ya pembeni ya kutunza orodha ya uzito. Kuusoma uzito nako hufanywa kwa mwanga, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1845: mwanga ukipita katika kitu chenye usumaku, bapa la mtetemo wake hugeuka kwa pembe inayolingana na usumaku huo.

Safari bado ni ndefu. Doa la leza haliwezi kufinywa kwa urahisi chini ya urefu wa wimbi lake, yaani nanomita mia kadhaa, wakati transista za leo ni ndogo kuliko hapo kwa mbali, na leza ya femtosekunde kwa kawaida bado ni mtambo mkubwa.

Kwa mwandishi wa tasnifu, faida ya kuchagua kitenzi cha nyumbani ni kwamba kinazaa. Mpigo wa leza unafinyanga, filamu inafinyangika, badiliko linalobaki ni mfinyango, na aloi ya gadolini, licha ya wepesi wake, inaweza kuelezwa kwa neno moja tu kwamba haifinyangiki. "Unyumbufu" tuwaachie wahandisi wa springi, ambao wanauhitaji kwa maana yake halisi.