Handaki la Sagan na Mchezo Uliokosa Subira

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1944, katika kambi ya mateka wa vita ya Stalag Luft III huko Sagan, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni Żagań ya Poland, mtu wa kwanza aliinua kichwa kutoka ardhini akaona kwamba hesabu haikutimia. Handaki lilikuwa limeupita ua wa seng'enge, lakini halikufika mitini. Theluji ilitanda, mnara wa mlinzi ulikuwa karibu, na nyuma yake, chini ya ardhi na ndani ya banda namba 104, watu wapatao 200 walikuwa wakingoja zamu zao. Palihitajika shauri la haraka. Ikafungwa kamba kutoka mdomo wa handaki hadi penye miti, na aliyejificha huko akawa anaivuta kumwashiria anayefuata kwamba mlinzi amegeuka. Katikati ya usiku ndege za Waingereza zikaja kuishambulia Berlin, umeme ukazimwa kote, na handaki likaingia giza. Kabla ya mapambazuko mlinzi mmoja aliyetoka katika njia yake ya kawaida nusura alikanyage shimo. Wakati huo watu 76 walikuwa wameshakwenda zao.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kadiri kinavyosimuliwa ndivyo kinavyozidi kuwa chepesi. Yafaa kwanza kurudi katika uzito wake.

Kiongozi wa mpango alikuwa Roger Bushell, rubani na mwanasheria aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1910. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1943 aliamuru yachimbwe mahandaki matatu kwa pamoja, ili likigunduliwa moja yabaki mawili. Yaliitwa Tom, Dick na Harry, majina ambayo Waingereza huyatumia kama Waswahili wasemavyo fulani bin fulani, na Bushell alikataza kabisa neno lenyewe "handaki" lisitamkwe kambini. Wajerumani walikuwa wamefukia ardhini vinasa sauti vya kusikilizia machimbo, hivyo wachimbaji walishuka kiasi cha mita 9 kwenda chini kabla ya kuanza kwenda mbele. Harry, ambalo mlango wake ulifichwa chini ya jiko la kupashia chumba joto, lilifikia urefu wa zaidi ya mita 100.

Adui mkubwa alikuwa mchanga. Ardhi ya juu ya Sagan ni ya kijivu, na iliyo chini yake ni mchanga wa manjano, kwa hiyo kila konzi iliyotolewa ilikuwa shahidi wa kosa. Watu walitembea uwanjani na vifuko virefu vimening'inia ndani ya suruali zao, wakavuta uzi, mchanga ukamwagika taratibu miguuni, na wenzao wakaupiga teke na kuuchanganya na udongo wa bustani. Theluji ilipoanguka njia hiyo ikafungika, maana doa la manjano juu ya weupe lingeonekana na kila mtu. Ndipo mchanga ulipopelekwa chini ya sakafu ya ukumbi wa tamthilia walioujenga mateka wenyewe. Juu watu waliigiza, chini yao handaki lilikuwa likijaza tumbo la ukumbi.

Mbao za kuzuia kuta zisiporomoke zilitolewa vitandani, kwa maelfu, hata wengine wakalalia kamba. Makopo ya maziwa ya unga ya Klim, yaliyoletwa na vifurushi vya Msalaba Mwekundu, yaliunganishwa yakawa bomba la hewa, na hewa ikasukumwa kwa mivukuto iliyoundwa kambini. Palikuwa na reli ya mbao na vigari vyake. Juu ya ardhi wengine walighushi hati, wengine walishona nguo za kiraia kutokana na sare na mablanketi, wengine walitengeneza dira kwa kuyeyusha sahani za santuri. Walioshiriki walikuwa takriban watu 600, na wengi wao walijua tangu mwanzo kwamba handaki wanalolichimba hawatalipita. Septemba 1943 Tom lilipogunduliwa, walianza upya.

Kati ya wale 76, watatu tu ndio waliofika salama: Wanorwe wawili, Per Bergsland na Jens Müller, waliopata meli ya kwenda Sweden, na Mholanzi Bram van der Stok, aliyepita nchi kadhaa hadi Uhispania. Waliobaki 73 walikamatwa, na kwa amri ya Hitler 50 kati yao wakauawa. Walitolewa mahabusu wawili wawili au kwa makundi madogo, wakapigwa risasi kando ya barabara, kisha ikaandikwa kwamba waliuawa wakijaribu kutoroka tena. Bushell mwenyewe aliuawa hivyo pamoja na mwenzake Mfaransa. Majivu yao yalirejeshwa kambini katika vyombo, na mateka waliosalia wakawajengea kumbukumbu ya mawe. Baada ya vita wapelelezi wa jeshi la anga la Uingereza waliwasaka wauaji, na mahakama ya Hamburg ikawahukumu mwaka 1947.

Mwaka 1950 Paul Brickhill, Mwaustralia aliyekuwa mateka katika kambi hiyo, aliandika kitabu, na mwaka 1963 John Sturges akakitolea filamu. Filamu hiyo ina makosa yake, na lililo kubwa ni pikipiki ya Steve McQueen, ambayo haikuwepo. Wamarekani wa kambi hiyo walikuwa wamehamishiwa sehemu nyingine miezi kadhaa kabla ya usiku ule. Walakini filamu ilitabarukiwa wale 50, na mtazamaji hatoki ukumbini bila kujua kwamba watu walikufa.

Mwaka 2003 ukaja mchezo wa video wenye jina la filamu hiyo, uliotengenezwa Uingereza na kampuni ya Pivotal Games kwa ajili ya PlayStation 2, Xbox na kompyuta. Waliokua na filamu waliungoja kwa hamu, na walichopata ni kitu cha wastani. Mchezaji huvaa kwa zamu nafsi za wahusika wanne wa filamu, Hilts, MacDonald, Hendley na Sedgwick, akanyemelea nyuma ya mabanda, akaiba kitu hiki, akakipeleka kwa mtu yule, akarudi kuagizwa kingine. Kamera humsumbua, na walinzi mara ni vipofu mara wana macho kisogoni. Pikipiki, bila shaka, ipo.

Kasoro za ufundi husameheka. Lisilosameheka kwa wepesi ni namna mchezo unavyoelewa kutoroka. Katika mchezo huu kutoroka ni kazi ya mtu mmoja hodari na vidole vyake. Akikosea hukamatwa, akikamatwa hurudishwa nyuma kidogo, na kidogo kile hakina gharama. Mwaka mzima wa mchanga umekuwa dakika chache za kukwepa taa ya mnara. Wale 600 wamekuwa watu wa kusimama pembeni wakingoja kusemeshwa. Mtu aliyeutoa ubao wa kitanda chake ili mwingine apite hana nafasi humo, kwani mchezo haujui kumtunuku mchezaji kwa jambo ambalo faida yake itamwendea mwenzake.

Ingesemwa kwamba huo ndio mpaka wa mchezo wa video, kama usingalikuwepo mwingine wenye jina lilo hilo, uliotoka mwaka 1986 kwa kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, pungufu ya picha moja ya simu za leo. Waliouunda, Denton Designs, hawakufuata kisa cha Sagan. Waliijenga kambi ya kubuni juu ya rasi, bahari ya baridi ikiizunguka pande tatu. Mtu wa kisiwani anaelewa mara moja ukuta wa namna hiyo. Ndani yake kengele inalia, mateka wanahesabiwa, wanakula, wanatembea, wanalala. Mchezaji akiacha vitufe kwa muda, mfungwa wake huanza kwenda mwenyewe pamoja na wenzake, kuhesabiwa na kulala. Pembeni ipo bendera inayoonyesha ari yake, na kila akishindwa bendera hushuka. Ikifika chini kabisa, vitufe havimtii tena mchezaji. Mfungwa anaendelea kutembea, siku baada ya siku, na aliyekuwa akimwongoza amebaki kumtazama. Michoro yake ni duni mbele ya ile ya 2003, lakini waliouunda walifahamu kwamba mlinzi mkali kuliko wote kambini ni siku inayofanana na jana.

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawahitaji kufafanuliwa hilo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitungwa gerezani Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, na kilichopambana na siku zile kilikuwa mizani na vina.

Na katika vita hivyo hivyo vya Sagan, Kenya ilikuwa na kambi zake. Huko Nanyuki, katika kambi namba 354, Waingereza waliwafunga Waitaliano waliotekwa Ethiopia. Miongoni mwao alikuwamo Felice Benuzzi, ambaye asubuhi moja mawingu yalipopasuka aliuona Mlima Kenya, na kuanzia hapo akapata kazi ya kuzifanyia siku zake. Yeye na daktari Giovanni Balletto walikusanya chakula kidogo kidogo kwa miezi. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vikawa njumu za viatu, na kamba za katani zilizosukwa vitandani zikafumuliwa ziwe kamba za kupandia. Ramani yao kubwa ilikuwa picha ya mlima katika karatasi ya kopo la nyama. Tarehe 24 Januari 1943 walitoka, pamoja na wa tatu, Vincenzo Barsotti, kwa ufunguo wa kughushi.

Hawakuwa na nia ya kurejea kwao, kwani nchi isiyo vitani ilikuwa mbali mno. Walikwenda mlimani. Kilele cha Batian kiliwashinda, Barsotti akaugua akabaki chini, na tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wakashuka na njaa yao, wakapita misitu, na baada ya siku 18 wakaingia tena kambini kwa hiari. Adhabu ya kutoroka ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi, Mwingereza, aliwapunguzia zikawa 7.