Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Mji Uliouzunguka

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopo katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa karne ya 11, na kwa karne tano zilizofuata jengo hilo lilipanuliwa, likaanguka na kujengwa upya kadiri mji ulivyopanda na kushuka. Mwaka 1981 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo iliingizwa pia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo wakazi wa Mara wanaifahamu kwa ukaribu zaidi.

Kisiwa kilikaliwa kabla ya msikiti huo kuwepo. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ulibaini makazi ya tangu karne ya 9, yenye nyumba za miti na udongo, ambayo watu wake walivua samaki na kufua chuma. Mji wa mawe, kwa hiyo, haukushuka kutoka jahazini ukiwa tayari. Ulikua juu ya kijiji cha Waafrika wa pwani.

Suala la asili ya wakazi wa Kilwa limejadiliwa kwa muda mrefu. Tarikh ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari wa mwanahistoria Mreno João de Barros, inasimulia kuwa mwana wa mtawala wa Shiraz alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Simulizi hiyo iliwahi kuchukuliwa kama ilivyo, kisha ikapuuzwa kabisa kuwa ngano. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mabaki ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo, umeleta picha iliyo katikati. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika kwa kiasi kikubwa, hasa kwa upande wa mama, na kwa upande wa baba ilionekana asili ya Uajemi iliyoanza kuchanganyika takriban mwaka 1000. Masimulizi ya wazee, kwa maneno mengine, yalibeba kumbukumbu ya kweli, ingawa wanawake wa pwani, waliokuwa nusu ya habari yenyewe, hayakuwapa nafasi waliyostahili.

Jengo la kwanza lilikuwa la wastani. Ukumbi wake wa kaskazini ulisimama juu ya nguzo 9 zilizobeba paa bapa, na kibla yake ilielekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko upande huo kwa mtu aliyepo Kilwa. Haukuwa na mnara, jambo la kawaida kwa misikiti ya kale ya Waswahili. Vifaa vyote vya ujenzi vilipatikana jirani. Matumbawe laini yalikatwa baharini yangali na maji, yakachongwa, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Matumbawe mengine yalichomwa kwa kuni ili kupata chokaa. Boriti zilitoka katika mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kale za pwani zina vyumba virefu na vyembamba.

Upanuzi mkubwa ulikuja wakati biashara ya dhahabu ya Sofala ilipokuwa mikononi mwa Kilwa. Dhahabu hiyo ilitoka katika nyanda za Zimbabwe ya sasa, na mji ulitoza ushuru kwa kila kilichopita. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane, na msikiti uliongezwa upande wa kusini kwa nguzo za matumbawe na kuba kubwa. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa utawala huohuo, akausifu mji kwa uzuri wake na watu wake kwa ucha Mungu. Anasimulia kuwa siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka msikitini na kumwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi na kumpa. Mwanawe alizirudisha nguo hizo kwa kumlipa fakiri watumwa 10. Kisa hicho hutajwa mara nyingi kama mfano wa ukarimu, na ni ukarimu kweli, lakini kinaonesha pia kuwa miongoni mwa waliouzunguka msikiti huo walikuwemo watu waliotolewa kama zawadi. Majina yao hayamo katika Tarikh.

Kuba kubwa na sehemu iliyoongezwa havikudumu. Vilianguka na kubaki magofu kwa miongo mingi, hadi vilipojengwa upya katika karne ya 15. Mafundi wa safari hiyo waliachana na nguzo za jiwe moja, wakajenga nguzo imara za pembe nane kwa mawe na chokaa, wakaziezeka kwa kuba ndogo na matao, baadhi yakipambwa kwa vyombo vya kauri vya China. Nguzo hizo ndizo anazoziona mgeni leo. Hakuna msikiti mwingine wa enzi hiyo katika pwani hii unaoufikia kwa ukubwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon na mwaka 1506 ikafuliwa chombo cha ibada cha Kanisa Katoliki, kijulikanacho kama Custódia de Belém, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya jiji hilo hadi leo. Julai 1505, Francisco de Almeida aliushambulia mji, askari wake wakaupora na kujenga ngome. Wareno waliondoka mwaka 1512, ila biashara ilikuwa imeshahama. Katika karne ya 18 Kilwa ilipata nguvu tena kwa njia ya kusikitisha: mkataba wa mwaka 1776 kati ya sultani na mfanyabiashara Mfaransa Morice ulihusu kumuuzia watumwa 1,000 kwa mwaka. Baadaye Kilwa Kivinje, iliyo bara, iliuchukua umuhimu wa kisiwa.

Baada ya Uhuru, magofu yaliwekwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ulinzi wa kisheria haukutosha kuzuia mawimbi, mvua na mizizi ya miti, na mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Ukarabati uliofuata ulifadhiliwa na nchi rafiki, na wanakijiji walishiriki katika kazi ya ukarabati. Matumizi ya chokaa hayakuwa suala la mapambo: saruji ni ngumu kuliko matumbawe, huzuia unyevu kutoka na hatimaye huupasua ukuta unaokusudiwa kuokolewa. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha hiyo.

Mmomonyoko wa ufukwe bado ni tishio, hasa kwa majengo yaliyo karibu na maji kama Gereza, na uhai wa mikoko ni kinga ambayo ukuta wa mawe peke yake hauwezi kuifidia. Wakazi wa kisiwa, wengi wao wavuvi na wakulima, wanaishi katikati ya magofu hayo, hivyo kila uamuzi kuhusu kuni, mifugo au kiwanja cha nyumba unaugusa urithi huo moja kwa moja. Eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mwananchi anayetaka kulitembelea hupata kibali Kilwa Masoko, kisha huvuka kwa boti au jahazi.