Barafu ya Mpemba na Ufunguo wa Kabati

Juma lililopita kijana wa jirani yangu hapa Pasua, mwanafunzi wa kidato cha pili, alinibishia hodi jioni. "Shikamoo baba. Eti unaweza kunipatia kipimajoto?" Alitakiwa aandae kazi ya maonyesho ya sayansi. Vipimajoto shuleni kwao vipo, ila vimo kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Nilimkaribisha chai nikamsimulia habari za Erasto Mpemba. Nawe naomba nikusimulie, maana wengi mjini hapa hawajui kwamba kisa hiki kinatuhusu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aisikrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ikawa haba. Mwenzake mmoja aliweka maziwa bila kuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aisikrimu Tanga akamwambia kwamba yeye siku zote huyaweka yakiwa moto ili yagande upesi. Kumbe jambo lililokataliwa darasani lilikuwa likiingiza fedha mtaani!

Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Huko nako akauliza, na mwalimu akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Ikawa kila akikosea, darasa zima linamtania kwa neno hilo. Lakini alasiri moja aliikuta maabara iko wazi. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviweka kwenye friji. Basi. Angalia vifaa alivyotumia.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, alipofika Mkwawa kuzungumza. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakaangua kicheko. Osborne mwenyewe hakusadiki, lakini aliahidi kujaribu. Aliporudi akampa kazi fundi wake wa maabara. Fundi akaona maji ya moto yametangulia kuganda, akasema watarudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Wakarudia, na matokeo yakawa yale yale.

Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Jina la Mpemba limetangulia, la Osborne linafuata, na sehemu ya kwanza ni kijana mwenyewe anasimulia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapa hapa juu yetu mlimani. Baadaye alifanya kazi ya wanyamapori serikalini.

Wataalamu hawajakubaliana hata leo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu, na majibu yakapita 20,000. Mwaka 2016 watafiti wengine waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuliona jambo lenyewe. Mimi naona hilo halimpunguzii Mpemba chochote, kwani yeye aliuliza tu.

Tangu 2012 tuna maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambako wanafunzi wa sekondari hupeleka kazi zao Dar es Salaam. Ni jambo jema sana. Lakini mtoto wa kufika huko lazima kwanza apate mtu mzima wa kumwambia "hebu tujaribu", na hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Osborne alikuwa mgeni wa siku moja. Je, asingefika?

Kipimajoto tuliazima kwa jamaa yangu mwenye duka la dawa. Friji ni ya mama mmoja auzaye barafu mtaani, ambaye alitoza ahadi ya kufagiliwa uwanja. Jumamosi maji ya moto yalitangulia kuganda. Jumapili yakatangulia ya baridi. Kijana akaniuliza aandike lipi. Nikamwambia aandike yote mawili, na Jumamosi ijayo tutarudi kwa mama barafu.