Matini ya Kifaransa Milimani: Historia ya Kusoma kwa Ajili ya Mtihani wa Serikali huko Fizi

Mtihani wa serikali, ambao Wakongo wengi huuita Exetat, ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Kabla ya hapo shule ndiyo iliyotoa cheti cha kumaliza sekondari, kisha tume ya serikali ikakihakiki. Tangu mwaka huo, kijana wa Kinshasa na kijana wa Bibokoboko, kwenye miinuko iliyo juu ya mji wa Baraka na Ziwa Tanganyika, hupimwa kwa maswali yaliyotungwa mahali pamoja, na bila diploma ya mtihani huo mlango wa chuo kikuu haufunguki. Kiwango cha kupita ni asilimia 50. Katika sehemu ya lugha, mtahiniwa husoma matini ya Kifaransa, kisha huchagua jibu moja kati ya kadhaa aliyopewa: wazo kuu ni lipi, neno fulani lina maana gani katika sentensi hiyo, mwandishi anaelekea wapi. Maandalizi ya sehemu hiyo huko Fizi, teritwari yenye Baraka na Bibokoboko, yana historia ndefu kuliko mtihani wenyewe, kwa sababu chanzo chake ni lugha.

Kifaransa hakikuwa lugha ya nyumbani huko. Milimani watu husema Kibembe, Kinyamulenge, Kifuliiru na Kinyindu. Sokoni na ufukweni husema Kiswahili. Kiswahili kilifika kwa mashua na misafara ya biashara ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara kutoka Ujiji walikwisha kuizoea njia hiyo. Pamoja na biashara kilikuja chuo cha Kurani, ambako mtoto alijifunza kutamka herufi na kuhifadhi sura. Maana ya maneno ilifuata baadaye, kama ilifuata. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kibanga, upande wa rasi ya Ubwari, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Misheni hiyo haikudumu, lakini mtindo wa kufundisha ulibaki. Katekisimu ilikuwa maswali na majibu ya kukariri, na aliyejibu bila kukosea neno alihesabiwa kuwa ameelewa. Kwa njia mbili zisizohusiana, basi, eneo hilo lilizoea kwamba kusoma ni kutamka vizuri na kukumbuka. Mazoea hayo yalikuja kugharimu alama nyingi.

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji haikuwa na haraka ya kuyabadili. Mpango wa elimu wa 1929 uliikabidhi kazi ya shule kwa misheni, ukaanza na daraja la kwanza la miaka miwili kwa lugha za wenyeji, kisha daraja la pili ambako wachache waliendelea. Kifaransa kilikuwa cha wale waliotarajiwa kuwa makarani. Ruzuku zilikwenda kwa misheni za Kikatoliki za Kibelgiji. Shule za Kiprotestanti, zikiwemo za Wapentekoste wa Uswidi waliofika Uvira mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilianza kuzipata mwaka 1948 tu. Huko juu milimani, ambako watu walilima na kuchunga mbali na barabara, shule zilichelewa zaidi. Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilianzishwa mwaka 1954, miaka sita kabla ya uhuru.

Uhuru ulileta pigo la upande wa pili. Mwaka 1962 serikali iliamua Kifaransa kiwe lugha ya pekee ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Nia ilieleweka: nchi yenye lugha zaidi ya 200 ilitafuta lugha isiyo ya kabila lolote, na iliwahitaji wasomi upesi. Ila mwalimu wa kijijini, ambaye mwenyewe alikuwa na Kifaransa cha kuungaunga, alitakiwa kumfundisha mtoto kusoma maneno ambayo mtoto huyo hajawahi kuyasikia. Katika hali hiyo darasa hurudi kwenye uimbaji: mwalimu anasoma sentensi, watoto wanairudia kwa pamoja.

Kisha vita vikaja. Uasi wa 1964 uliitwaa Uvira na kuenea hadi Fizi. Tarehe 28 Novemba 1964 wamisionari watatu Wasaveri na padri Mkongo, Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa miezi kadhaa katika milima ya Fizi pamoja na waasi, na kabla mwaka huo haujaisha jeshi la serikali na mamluki waliichukua tena Baraka. Mwishoni mwa 1967, mwaka ule ule wa mtihani wa kwanza wa serikali, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP na maskani yake Hewa Bora, humo humo Fizi, ambako wapiganaji wake walidumu hadi miaka ya 1980. Mtihani mmoja kwa nchi nzima ulizaliwa, kwa hiyo, wakati sehemu ya teritwari hii haikuwa hata mikononi mwa serikali iliyoutunga.

Katikati ya miaka ya 1970 sera iligeuka tena, Kiswahili kikarudishwa katika madarasa ya mwanzo upande wa mashariki. Sheria ya elimu ya 1986 ilifuata mkondo huo, na ile ya Februari 2014 ikauthibitisha. Wakati huo huo uendeshaji wa shule ulihama: zilitaifishwa mwaka 1974, kisha kwa mkataba wa Februari 1977 makanisa yakarudishiwa. Kwa msomaji wa leo muhimu zaidi ni kivuko kilichotokea: mtoto anaanza kwa Kiswahili, na baada ya miaka michache masomo yote yanageuka kuwa Kifaransa. Kama hapo alikuwa bado anasoma kwa silabi, historia, hesabu na sayansi zote zinampita juu. Anafika mwaka wa mwisho wa sekondari akiwa na madaftari yaliyojaa na matini asiyoweza kuifungua. Matokeo ya kuelewa matini katika Exetat, kwa sehemu kubwa, huamuliwa katika kivuko hicho, miaka minane au zaidi kabla ya mtihani.

Wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka huo wa mwisho, na walimu wao hawakukaa bure. Njia iliyoenea kote nchini ni itemu: maswali ya miaka iliyopita hukusanywa, hunakiliwa na kujibiwa tena na tena katika masomo ya jioni. Njia hii isidharauliwe. Maswali kadhaa ya Kifaransa yana umbo lisilobadilika: kama matini ni ya masimulizi, ya maelezo au ya hoja, tamathali gani ya usemi imetumika, kiwakilishi kinamrejelea nani. Hayo hujifunzwa kwa mazoezi, na mwanafunzi aliyeyafanya hutulia mbele ya karatasi na hutumia muda wake vizuri. Udhaifu wa itemu huonekana penye swali la kudokeza, ambalo jibu lake halikuandikwa mahali popote katika matini bali lazima liunganishwe na msomaji. Hapo kumbukumbu ya majibu ya mwaka jana humpotosha mtahiniwa, kwa kuwa matini ni nyingine.

Dawa ya pengo hilo ni kusoma kwa wingi, na kusoma kwa wingi kunataka vitabu. Tangu mgomo wa walimu wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wamekuwa wakiwalipa walimu primu, yaani nyongeza ya mshahara, na fedha iliyobaki kwa vitabu ni ndogo. Katika shule nyingi za vijijini nakala pekee ni ya mwalimu. Matini huandikwa ubaoni na nusu ya kipindi huishia kwenye kunakili. Elimu ya msingi ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 iliongeza wanafunzi madarasani, lakini haikuigusa sekondari. Shule nyingi za vijijini zina mchepuo wa ualimu, kwa sababu hauhitaji maabara. Wahitimu wake ndio wanaorudi kufundisha darasa la kwanza na la pili, na Kifaransa walichokipata, kizuri au hafifu, hurudi nao.

Uhamisho umeikata kazi hiyo mara nyingi. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Kigoma, nchini Tanzania, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ikafunguliwa mwaka huo. Shule za wakimbizi wa Kongo humo zilifuata mtaala wa Kongo, hivyo watoto walisoma Kifaransa katikati ya nchi ya Kiswahili, wakiulenga mtihani wa nchi waliyoikimbia. Kwa Kiswahili walikuwa wasomaji wazuri, na stadi ya kusoma ikishakomaa katika lugha moja huhamia katika nyingine, iwapo msamiati utafuata. Huko Bibokoboko, mapigano ya Oktoba 2021 yaliwafukuza wakazi, wengi wakishukia Baraka.

Siku hizi matokeo hufika kwa ujumbe wa simu, baada ya mtahiniwa kutuma namba yake. Zamani yalisomwa redioni na kuchapwa magazetini. Orodha rasmi huonyesha jina, jinsia na asilimia ya jumla. Haionyeshi ni wangapi walikwama kwenye matini na ni swali la aina gani lililowaangusha. Prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, anayetaka kujua hilo hana budi kuwapa wanafunzi wake matini mpya mapema katika mwaka, na kuyasahihisha majibu swali kwa swali pamoja na mwalimu wa Kifaransa.