Mifupa ya sokwe wa Gombe inavyosimulia maisha yao

Sokwe akifa porini, mara nyingi mwili wake hauonekani tena. Mvua, wadudu na wanyama wengine huumaliza haraka. Ndiyo maana mifupa ya sokwe wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, ni hazina.

Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe hao mwaka 1960. Walipewa majina, na habari zao zikaandikwa. Baadhi yao walipokufa, mifupa ilihifadhiwa. Kwa hiyo wataalamu wana vyote viwili: mifupa, na historia ya mwenye mifupa.

Polio. Mwaka 1966 ugonjwa huu uliingia Gombe. Jike aliyeitwa Gilka alipooza kifundo cha mkono mmoja, akaishi hivyo hadi 1979. Mifupa ya mikono yake haikulingana, kwa sababu mkono usiofanya kazi mfupa wake nao hudhoofika.

Kuanguka. Sokwe hula na kulala juu ya miti, na wakati mwingine huporomoka. Baadhi ya mifupa ya Gombe ilivunjika ikaunga yenyewe. Ikishaunga, ujue mnyama alipona akaendelea na maisha.

Meno. Flo, jike maarufu aliyekufa mwaka 1972, alizeeka hadi meno yakaisha. Kwa wadogo, meno yanayoota husaidia kukadiria umri. Lakini utafiti wa sokwe wa msitu wa Taï, Ivory Coast, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kuwa wa porini huota meno kwa kuchelewa kuliko wanaofugwa. Hilo linawagusa hata wanaokadiria umri wa watoto wa binadamu wa kale, kwani wengi walitumia sokwe wa kufugwa kama kipimo.

Hata hivyo, mifupa haisemi yote. Madam Bee, wa kundi la Kahama (bonde lililomo Gombe, siyo mji wa Kahama), alishambuliwa na madume wa kundi jirani mwaka 1975 akafa kwa majeraha. Jeraha la nyama tu huenda lisiache alama mfupani. Bila waliokuwepo kuandika, kisa hicho kingepotea.

Na polio ni ugonjwa wa binadamu pia. Ndiyo maana leo mgeni wa Gombe huvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe. Kikohozi chako kinaweza kuwamaliza.