Mahindi huhesabu joto, si siku

Mfuko wa mbegu ya mahindi huandikwa siku za kukomaa, kana kwamba siku ya Nemba, Biharamulo, na siku ya milimani kule Ngara zina uzito mmoja. Udhaifu wa hesabu hiyo unajulikana tangu karne ya 18.

Mwaka 1735 Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur, ambaye tayari alikuwa na kipimajoto chake mwenyewe, alijumlisha joto la kila siku kuanzia Aprili hadi Juni, akalinganisha mwaka na mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba zao hukomaa likishapata jumla yake ya joto. Mwaka wa baridi huchelewa kuitimiza. Mwaka 1855 Alphonse de Candolle wa Uswisi akasisitiza kwamba joto lililo chini ya kiwango fulani haliusaidii mmea, lisihesabiwe. Kwa mahindi, kiwango kilichozoeleka ni nyuzi joto 10.

Tuseme mchana umefika nyuzi 28 na usiku 16. Wastani ni 22. Ukiondoa 10, siku hiyo imeuchangia mmea nyuzi 12. Mbegu inayodai jumla ya 1,440 itakomaa kwa siku 120. Ipandishe mlimani mita 500 hivi, wastani ushuke hadi 19: kila siku inachangia 9 tu, na mbegu ileile inataka siku 160. Kwa aliyepanda Machi, hizo 40 za ziada ni balaa. Kiangazi cha Juni kinaingia punje zikiwa bado na maziwa.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hili shambani. Mahindi ya nyanda za juu yaliyozalishwa Kitale, kama H611 ya mwaka 1964, huchukua nusu mwaka au zaidi; ya Katumani, Machakos, yalitafutiwa wepesi wa kukomaa. Miaka ya 1970 watafiti Cooper na Law wakaonyesha kwamba hata joto la udongo huamua mavuno, maana wiki za mwanzo kilele cha mche wa mhindi hukaa chini ya ardhi.

Kwa hiyo mfuko uandikwe pia jumla ya joto, na ofisi ya kilimo ya kata iwe na kipimajoto cha juu na chini pamoja na daftari la kila asubuhi. Mkulima atathibitisha mwenyewe: punje ikishakomaa, ukiing'oa utakuta utando mweusi kitakoni.